Kiingereza cha Ngazini

Insaf alijifunza Kiingereza cha mambo yaliyopita akiwa amekaa kwenye ngazi, na fungu la mlenda mapajani. Hakulipiwa ada wala hakuandikishwa popote. Aliyelipiwa ni mwanawe Karam, aliyekuwa ndani, ghorofa ya pili, kwenye chumba kilichojaa vijana mpaka wengine wakakaa madirishani, huku mwalimu akiwasomesha kwa kipaza sauti kana kwamba wako ng'ambo ya mfereji. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Kila alichosema Mista Wagih kiliwafikia akina mama waliokuwa wakisubiri nje, watake wasitake.

Kusubiri ilikuwa kazi kamili. Katika Izbat Zahra, kijiji cha Misri kilichobanana kati ya mfereji na barabara ya Mahalla, mtoto akifika darasa la mwisho la shule ya kati hana tena wa kumfundisha shuleni. Asubuhi walimu wanapiga miayo. Jioni wale wale wanafufuka kwenye masomo ya kulipia, na sauti wanazo. Nani aliwaruhusu, usiniulize mimi. Mama humpeleka mtoto, humsubiri na kumrudisha, maana asipofanya hivyo mtoto huishia kwenye michezo ya kompyuta. Kwa hiyo ngazi zile zilijaa wanawake wanaochambua mlenda, wanaotoboa mamumunye madogo ya kujaza wali, na wanaosema watu.

Mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa mkoa. Anayepata alama za kutosha anakwenda sekondari ya kawaida, na kutoka hapo Mungu akipenda chuo kikuu. Anayekosa anakwenda shule ya ufundi, ambako, kwa maneno ya watu wa Izbat Zahra, mtoto huingia na begi akatoka na kisu. Haikuwa kweli sana, lakini wazazi waliiamini, na ikiaminiwa inatosha kumnyima mtu usingizi. Insaf mwenyewe, alipokuwa msichana, alikosa alama chache tu. Wakampeleka shule ya biashara akajifunze kupiga chapa kwenye mashine zisizo na utepe. Alimaliza shule hiyo bila kuona herufi hata moja aliyoipiga. Akaolewa na Rizq, Rizq akaenda Kuwait kuendesha lori, yeye akabaki akipinda kingo za taulo za kiwanda kwa cherehani. Hakuyachukia maisha yake. Ila kila alipofika mbele ya ile sekondari ya kawaida, alivuka barabara asiitazame. Karam lazima aingie pale. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na hakumficha mtu.

Karam alikuwa mtoto mpole, mrefu kupita umri wake, na moyo wake wote ulikuwa darini kwa njiwa. Aliwajua mmoja mmoja kwa mruko wao, na akipiga mluzi walikuja hata kama jirani amewamwagia mtama. Darasani alikaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Hakuwa mjinga, na aliyetamka hivyo mbele ya Insaf alijitafutia ugomvi. Ila neno lilichukua muda kushuka ndani yake, na watu wa siku hizi hawana subira ya kumngoja mtu hata amalize kupiga chafya.

Kilichomshinda kuliko vyote ni Kiingereza, na katika Kiingereza ni vitenzi vya wakati uliopita. Sisi wenye Kiswahili tumebarikiwa na hatujui. Tunachomeka "li" katikati ya kitenzi, jambo limekuwa la jana, biashara imekwisha. Mwingereza hataki wepesi huo. Vitenzi vyake vingine anavibandika mkia, play inakuwa played, na hapo hamna neno. Vingine vinageuka matumbo bila kukuaga: go inakuwa went, buy inakuwa bought, na hakuna aliyeambiwa sababu. Halafu viko kama put, jana na leo ni vile vile, vimekaa tu vinakutazama.

Mista Wagih alikuwa amevitungia wimbo. Alichukua ngoma ya harusi, ile inayopigwa bwana harusi akiingia, akaijaza vitenzi, akawa anagonga meza kwa pete yake. Vijana waliimba mpaka vioo vikatetemeka. Wakitoka walibaki na ngoma, vitenzi wakaviacha mle mle chumbani.

Aliyebaki navyo ni Insaf. Mwanzoni hakukusudia. Alikuwa akiusikiliza wimbo ili ajue Karam anafundishwa nini, apate kumsaidia nyumbani, na kila jioni alirudi akiwa hajaelewa kitu. Msimu mzima wa baridi alikuwa gizani. Alijua see na saw ni ndugu, lakini nani mkubwa nani mdogo hakujua. Alikaa kwenye ngazi ya baridi akijiona mzee wa kusoma na mjinga wa kufundisha, na mara mbili alilia kidogo, akisingizia kitunguu ambacho hakikuwamo kwenye kikapu. Alichoendelea nacho ni kurudia tu. Jani moja kitenzi kimoja.

"Mama Karam, huo mlenda umekukosea nini?" akamuuliza siku moja Mama Bassant, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. "Tangu umekaa unautukana."

"Siutukani. Nahesabu."

"Unahesabu kizungu?"

"Kaa kimya basi, anafika kwenye did."

Hiyo did ndiyo iliyomtesa. Alikuwa ameshang'ang'ana na went mpaka ikamkaa, mara anasikia kwamba did ikiingia kwenye sentensi, went inarudi kuwa go. Kwa nini? Aliyehangaika kuijua went arudishwe tena alikotoka? Alivumilia, akashindwa, na Mista Wagih aliposhuka ngazi, simu sikioni, akamsimamisha.

"Mista, samahani. Ile did. Ikija, kwa nini went inarudi kuwa go?"

Mista Wagih aliiondoa simu sikioni. "Mama Karam, anayesoma ni wewe au mwanao?"

Akina mama wakacheka. Insaf hakucheka.

"Ni yeye. Mimi namsaidia."

"Did imeshasema kwamba jambo ni la jana," Mista akasema, na kwa mara hiyo alisahau haraka zake. "Kitenzi kikisema tena kitakuwa kinapiga porojo. Did ikibeba, mwenzake anapumzika."

"Kama wanaume zetu sokoni," akadakia Mama Bassant. "Mke ana kikapu, bwana mikono nyuma."

Ngazi nzima ilicheka, na Mista naye. Lakini Insaf alikuwa ameelewa, na alipoelewa, mengine yote yakaja yenyewe. Mpaka michungwa inachanua hapakuwa na kitenzi katika kitabu cha Karam kinachoweza kumbabaisha. Aliuliza, alijibu, alikanusha. Usiku akipinda taulo alijisimulia siku yake kwa Kiingereza: nilikwenda, nilinunua, nilirudi, sikumwona mtu. Alijifurahia, na haikudumu, maana hakuwa yeye aliyetakiwa kujua.

Jioni baada ya chakula alimkalisha Karam mezani.

"Niulize jana nilikwenda wapi. Kwa Kiingereza."

Karam alitazama dari. Juu huko njiwa walikuwa wakikoroma. "Where," akasema. Akameza mate. "Where did you..."

"Go."

"Nilikuwa nakuja kwenye go, mama."

"Ulikuwa unakuja kwenye went. Nimeuona mdomo."

"Hukuniacha nifike."

"Haya, nyingine. Jana ulinunua nini?"

"What did..."

"You buy. Endelea."

"Niendelee wapi sasa? Imekwisha."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Hakuna sentensi ambayo Insaf aliiacha ifike mwisho wake. Hakuwa mkali, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na mbio kuliko ulimi wa mwanawe. Karam naye alianza kunyamaza. Alikuwa akipanda darini na kitabu, akikaa huko mpaka giza, na Insaf chini alishika tama akiamini kwamba kitabu kimewekwa chini ya bakuli la maji ya njiwa.

"Wewe unavijua vyote," Karam alimwambia siku moja, bila hasira. "Kwa nini usiende wewe kwenye mtihani?"

"Wangeniruhusu ningekwenda," Insaf akajibu, na alisema kwa dhati. Hakuona kama amesema kitu kibaya.

Ijumaa Rizq alipiga simu kutoka Kuwait, kwenye kelele za malori.

"Kiingereza vipi?"

"Anaendelea."

"Anaendelea kwenda wapi? Mpe nizungumze naye."

Karam alichukua simu, akasema ndiyo baba, ndiyo baba, inshallah baba, akairudisha. Insaf alimwangalia akipanda ngazi za dari na roho ikamuuma. Alikuwa na vitenzi vyote kichwani na havikumfaa kitu, kwa sababu kichwa kilichotakiwa kuwa navyo kilikuwa cha mtu mwingine, na mlango wake haukumfungukia.

Siku ya mtihani wa Kiingereza alimlisha maharage na yai, akamsomea dua utosini, akamsindikiza mpaka kwenye geti.

"Anza na insha, kichwa kikiwa bado kibichi. Halafu rudi kwenye maswali ya kuchagua."

"Nimesikia."

"Na did..."

"Mama. Nimesikia."

Alimtazama akiingia. Alionekana mtulivu kupita kawaida, na Insaf akadhani ni mtu aliyekwisha kukata tamaa. Akakaa kwenye ukuta wa mfereji na akina mama wengine, kila mmoja na tasbihi yake na chupa yake ya maji.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa Izbat Zahra hawataliita kwa jina lake. Mtihani ukianza, haupiti muda karatasi inatoka nje. Inatokaje, kila mtu anajua na hakuna aliyeona. Inapita kwenye simu, ukurasa baada ya ukurasa, na mtu mmoja mwenye elimu husimama mahali akawasomea watoto majibu. Mwaka uliotangulia hesabu ilisomwa kwa kipaza sauti cha msikiti, na kila nyumba ikafaulu hesabu, hata yule mtoto wa mwuza mkate anayehesabu chenji kwa vidole. Hawakuuita wizi. Waliuita kuwasaidia watoto. Walisema mkoa mzima unafanya hivyo, kwa nini wetu wapate hasara ya uaminifu peke yao. Ukiwabishia walikutazama kama mtu asiyependa watoto.

Mwaka huu imamu alifunga chumba cha mitambo na kuondoka na ufunguo kwenda kwa dada yake Tanta. Mista Wagih alizima simu. Walimu wengine wote wa kulipia, wale wenye sauti za jioni, waliingia mitini kwa kuogopa askari. Karatasi ilikuwa imeshafika kwenye simu ya Mama Bassant, na hapakuwa na wa kuisoma.

Ndipo akapita Sabri, mnunuzi wa vikuukuu, na guta lake la pikipiki lililobeba friji bovu. Juu ya usukani alikuwa na kipaza sauti anachotangazia kazi yake. Akina mama walilizunguka guta kabla hajajua kinachoendelea, na alipojua hakukataa, kwa maana naye alikuwa na mpwa humo ndani.

Mama Bassant akamshika Insaf mkono. "Soma."

"Mimi?"

"Sasa nani? Sabri?"

"Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya friji," Sabri akasema.

"Mimi si mwalimu, jamani."

"Mwaka mzima umetupigia kelele ngazini," akasema Mama Bassant. "Leo tupigie kelele za faida."

"Karam yuko humo."

"Na Bassant wangu yuko humo. Na mpwa wa Sabri. Wote wako humo, Mama Karam, na muda unakwenda."

Tuseme ukweli, hakuvutwa sana. Aliichukua simu atazame tu, na alipotazama, kila swali lilimfungukia. Hakuna hata moja aliloliona geni. Alifikiri juu ya Karam amekaa mbele ya karatasi hiyo hiyo akitazama dari, asiye na wa kummalizia sentensi. Kwa mwaka mzima alitaka kufika mahali alipokaa mwanawe, na sasa Sabri alikuwa akimnyooshea kipaza sauti, na waya wake ulifika huko. Akapanda kwenye guta, akakaa juu ya friji.

"Swali la kwanza," akasema, na sauti yake ikaruka mfereji ikarudi. Alishtuka mwenyewe. "Swali la kwanza ni b. Went. Narudia. Went."

Kelele zote za shule zikakatika. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kutoka kule hakukuja hata kikohozi. Akasoma la pili, la tatu. Akasoma ya kukanusha na ya kuuliza, na kila ilipoingia did aliwaonya wasisahau. Alipofika kwenye insha, safari uliyowahi kwenda, aliitunga papo hapo, polepole, akitaja herufi moja moja kwenye maneno magumu: mwaka jana nilikwenda Aleksandria na shangazi yangu, tuliona bahari, tulikula samaki, tulirudi tukiwa na furaha. Yeye mwenyewe hajawahi kwenda Aleksandria. Darasa zima, pamoja na wasio na shangazi, likaenda Aleksandria likala samaki.

Alifurahi, na sitamfichia. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo, si baba yake, si Rizq. Wanawake chini ya guta walikuwa wakimtazama kama bibi harusi. Askari wa zamu aliinywa chai yake yote kabla ya kusogea.

"Mama, inatosha sasa. Mkaguzi yuko njiani."

Sabri akawasha guta na Insaf juu yake, akamnyang'anya kipaza sauti, akaanza kutangaza vikuukuu, vikuukuu, mpaka wakakata kona.

Watoto walipotoka walikuwa wakiruka. Walimzunguka Insaf, aliyekuwa amesharudi getini, wakambusu mkono, wakamwita Mama Mista. Bassant alimkumbatia akamwachia wino begani. Karam alitoka mwisho. Alipita kando ya ukuta, begi mbele ya tumbo, na wenzake walimpiga piga mgongoni bila yeye kugeuka. Hakumtazama mama yake. Walirudi nyumbani yeye mbele, Insaf nyuma, na njia nzima Insaf alijiambia kwamba kijana amechoshwa na joto tu.

Aliweka chakula. Karam hakugusa.

"Ulisikia vizuri? Huko nyuma ilifika?"

"Ilifika."

"Na insha uliiwahi?"

"Niliianza kabla yako. Ulisema nianze na insha."

Insaf akakaa. "Uliandika nini?"

"Niliandika juu ya yule njiwa mweupe. Kwamba alipotea upepo ulipokuja. Nikamngoja darini. Akarudi." Kisha akayasema kwa Kiingereza, taratibu, akitua kila mahali alipotaka kutua, na kwa mara hiyo moja hakuna aliyemkatiza.

Insaf aliyapitia maneno yale kichwani moja baada ya jingine akitafuta kosa. Hakuliona.

"Ulijifunza lini?"

"Huko juu. Nilikuwa nawasomea njiwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungemalizia."

Hakusema kwa ubaya. Insaf alishika ukingo wa meza. "Halafu?"

"Halafu nikasikia sauti yako. Darasa zima likageuka kunitazama. Msimamizi akaja akasimama mbele ya meza yangu, akasema, huyo si mama yako? Andika basi, mama anakuita. Wakacheka. Halafu wakaanza kuandika, mama, wote, na yeye akabaki amesimama pale pale akinitazama." Akaisogeza sahani pembeni. "Nilikuwa nimeandika mistari miwili. Wa tatu nilikuwa nao kichwani. Nikafikiri, nikiandika, hata nikiandika ya kwangu, hakuna atakayeamini. Itakuwa umefaulu wewe. Nisipoandika, nimefeli mimi. Nikaona bora iwe mimi."

"Hukuandika mengine?"

"Niliweka kalamu chini."

"Karatasi nzima?"

"Nilikaa mpaka kengele."

Akainuka akapanda darini. Insaf alibaki mbele ya sahani mbili zilizojaa. Alitaka kwenda mahali fulani kumwambia mtu fulani. Lakini aende wapi? Kwa mkuu wa shule akaseme nini, kwamba mwanangu alijua, ila mimi niliiba mtihani kwa sauti kubwa mpaka akaona haya? Alikwenda hata hivyo mpaka kwa Mista Wagih, akamkuta mlangoni kwake akisafisha miwani.

"Mama Karam, mimi leo sikuwepo na sikusikia kitu," Mista akasema kabla hajaulizwa. "Na wewe nakushauri usiwe umesikia."

"Alijua, Mista. Aliandika came, aliandika lost. Mwenyewe."

Mista Wagih alimtazama kwa huruma ya kweli. "Basi Mungu amjalie," akasema, na hapakuwa na zaidi.

Matokeo yalitoka kwenye joto kali. Izbat Zahra nzima ilifaulu Kiingereza. Karam alikosa nafasi ya sekondari kwa alama chache, chache hata kuliko zile ambazo insha peke yake ingempa. Rizq alipiga simu akiwa ameshaambiwa na watu.

"Wamefaulu wote isipokuwa wetu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale," Insaf akasema.

Jioni ile ile vigelegele vilianza nyumba kwa nyumba, na vilipozidi vikasogea mpaka mlangoni kwake. Hakuwa na mahali pa kujificha. Akina mama wa ngazini waliingia wote, Mama Bassant mbele na sinia la sharubati nyekundu, maana mtu akifanikiwa lazima amnyweshe aliyemsaidia, na kukataa sharubati ya furaha ya mtu ni kumtakia mabaya. Walijua kuhusu Karam. Walisema ni bahati mbaya, ni jicho la watu, Mungu atamfungulia kwingine. Hawakujua zaidi ya hapo na Insaf hakuwaambia. Walimkalisha katikati. Akanywa, ilikuwa tamu mno, akasema hongera, hongera, kwa kila mmoja na jina la mtoto wake.

Karam alishuka kutoka darini akasalimia kila mtu kwa adabu. Akaanza kukusanya glasi zilizokwisha.

"Mama Karam," akasema Mama Bassant, akimfuta Insaf machozi aliyodhani ni ya nafasi iliyokosekana tu, "mdogo wake Bassant zamu yake inakuja. Sitaki Mista wala ngazi. Nakuletea wewe hapa hapa, umfundishe tangu sasa."

Wanawake wakaunga mkono. Wote wakamgeukia Insaf. Aliyejibu ni Karam, glasi mikononi.

"Mfundishe, mama," akasema kwa upole ule ule wa siku zote. "Unajua. Sote tulikusikia."

Siku ya kujiandikisha shule ya ufundi Karam aliamka mapema akapiga pasi shati lake mwenyewe. Alipofika mlangoni alimkuta Insaf ameshavaa, mtandio kichwani, viatu miguuni, mkoba mkononi.

"Usije, mama."

"Siingii ndani. Nitakusubiri nje tu."

"Najua. Usinisubiri."

Alimbusu mkono, akatoka. Insaf alisimama mlangoni mpaka mwanawe akapotea kwenye kona ya mfereji. Ndani cherehani ilikuwa na taulo za siku mbili. Hakuzigusa, wala hakukaa. Viatu hakuvivua mpaka mchana.